Miezi Saba ya Kunusa Hewa

Mtaani walimwita Mama Pua, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja. Jina hilo alilipatia kwa mdogo wake wa kike, kwenye ua wa saruji nyuma ya nyumba, mahali alipooshea chupa za bia kwa miaka kumi na mmoja. Mdogo wake ndiye aliyepika bia yenyewe, jikoni kwake, akaiuza kwa majirani kila Jumamosi. Shemeji, dereva wa lori aliyeachishwa usukani na maumivu ya mgongo, alikuwa mtu wa kujaza na kubana vizibo. Na yeye, dada mtu, alikuwa mtu wa chupa.

Alifika pale na sanduku moja. Mumewe hakumfukuza, alimhamishia chumba cha nyuma tu, akaleta mke mwingine, kisha akaacha kumsemesha. Alivumilia mwaka mzima wa kupishana na mtu kwenye korido kama mpangaji, halafu siku moja akafunga virago.

"Dada, hapa ni kwako," mdogo wake alimwambia mlangoni, akimpokea sanduku.

Lakini mtu wa miaka hamsini anayelala kwenye chumba kilichokuwa stoo, hata aambiwe "hapa ni kwako" mara mia, anajua mwenyewe. Wiki ya kwanza alifagia ua mara tatu kwa siku, mpaka mdogo wake akamnyang'anya ufagio.

Siku hiyo hiyo, kwa kukosa cha kushika, aliokota chupa moja kwenye kichanja, zile zilizokuwa zimeshaoshwa. Akaipeleka puani.

"Hii ilikuwa na mafuta ya taa," alisema.

Mdogo wake akacheka. "Nimeiosha mara mbili, dada."

Shemeji akainusa, hakupata kitu. Wakaitia maji ya uvuguvugu, wakaiziba, wakaiweka juani. Walipoifungua alasiri, harufu ya mafuta ya taa iliwapiga wote watatu.

"Lo!" shemeji alisema. "Sisi tulioa kwenye ukoo wa mbwa wa polisi!"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma, na Mama Pua alicheka kuliko wote, maana alijua kwamba amepata pa kukaa.

Tangu hapo hakuna aliyegusa chupa zaidi yake. Kazi yake aliipanga kama sala. Kwanza aliziloweka kwenye karai la maji ya moto na magadi, lebo zikajibandua zenyewe. Kisha brashi ndefu, akisugua chini kabisa ambako masalia ya hamira hugandamana. Akasuuza mara tatu, akaiinua kila chupa juu kuelekea jua, jicho moja limefumbwa, akitafuta ukungu na nyufa. Baada ya hapo pua: alifumba macho, akavuta pumzi moja fupi kwenye mdomo wa chupa. Iliyonuka, hata kwa mbali, aliivunja palepale kwenye pipa. Zilizopita alizichemsha kwenye sufuria kubwa, akianza na maji ya uvuguvugu ili zisipasuke, kisha akazipindua kwenye kichanja juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Chupa zilitoka kila mahali: kwa majirani, baa, jalalani. Watu huweka vitu vya ajabu kwenye chupa. Yeye aliwahi kukuta rangi ya viatu, mkojo, siki, dawa ya mba.

Mteja wao wa kwanza kila Jumamosi alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mjane aliyeishi na binti yake. Alikuwa na tabia ya kumaliza glasi ya kwanza kwa pumzi moja, kisha ndipo akakaa na kuanza maneno.

"Mchumba," alimwita Mama Pua mbele za watu, "lini unakuja kuninusia nguo zangu?"

"Zako hazihitaji pua, fundi. Zinahitaji sabuni."

Utani huo ulikuwa wa miaka. Wakati mwingine alipokuwa amekaa peke yake chumbani, Mama Pua aliufikiria kidogo zaidi ya utani. Hakumwambia mtu.

Kisha akashikwa na mafua. Yalikuwa mafua mabaya, yaliyomlaza siku kumi. Alipoinuka, kichwa kilikuwa chepesi na mwili una nguvu, akashukuru. Asubuhi ya pili alikuwa jikoni amesimama karibu na jiko, akimenya viazi, mdogo wake akaingia mbio kutoka uani.

"Dada! Maziwa yanaungua, husikii?"

Sufuria ilikuwa hatua moja kutoka kwake, moshi unapanda.

"Nilikuwa na mawazo," alisema.

Alikwenda chooni, akafunga mlango, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hewa tu. Akarudi, akakata kitunguu. Macho yalimtoka machozi, pua ikabaki kimya. Akanusa sabuni, kwapa lake mwenyewe, chupa ya klorini ambayo zamani ilimfanya ageuze uso. Hewa.

Kwenye zahanati, tabibu alimmulika puani kwa tochi. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi," alisema. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Naosha vyombo."

"Basi una bahati. Kazi hiyo haihitaji pua."

Njia nzima ya kurudi alipanga atakavyomwambia mdogo wake. Alipofika, alikuta shemeji ameleta kreti nne za chupa tupu, na mdogo wake anamwonyesha mteja mgeni kichanja kwa majivuno: "Hapa hujawahi kusikia mtu kaumwa tumbo. Nina dada yangu, pua yake ni mashine." Mama Pua akavua viatu, akafunga khanga kiunoni, akakaa mbele ya karai. Nitasema kesho, alijiambia. Labda mpaka kesho itakuwa imerudi.

Haikurudi. Naye hakusema.

Alijikaza. Aliongeza magadi, akachemsha chupa mara mbili, akazitazama juani mpaka macho yakamwuma. Na bado, kwa sababu walikuwa wamezoea kumwona, alipeleka kila chupa puani, akafumba macho, akavuta pumzi yake fupi. Alikuwa akiigiza pua yake mwenyewe. Jambo moja lilimsumbua: zamani hazikupita chupa hamsini bila kukataa mbili tatu. Wangejiuliza. Basi akaanza kuvunja. Aliokota chupa yoyote, nzima na safi, akakunja uso, akasema "Hii hapana," akaitupa kwenye pipa. Mlio wa kioo ulimpa amani ya siku mbili.

Miezi saba ikapita hivyo.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya jua kali. Fundi alifika mapema, shati jeupe, akapiga meza kwa vidole vyake virefu. Shemeji akamfungulia chupa, akamimina. Fundi akapandisha glasi, akaishusha tupu kama kawaida yake. Kisha akakunja uso.

"Leo mmeweka nini humu?"

"Kwani vipi?" shemeji akauliza.

"Ladha ya... sijui." Alijaribu kucheka. "Mchumba amenitilia limbwata nini?"

Watu wakacheka. Mama Pua naye alicheka, amesimama na glasi tupu mbili mikononi. Baada ya muda mfupi fundi alianza kutokwa jasho, jasho la kuchuruzika, mate yakamjaa mdomoni. Akainuka, akashika meza, akatapika. Miguu ikamwisha nguvu, akaenda chini.

Shemeji aliinyakua ile chupa, akaiweka puani, uso ukambadilika. "Dawa ya kunguni! Hii ni dawa ya kunguni!"

Jirani mwenye gari aliitwa. Wakambeba fundi wanaume wanne, binti yake akikimbia nyuma pekupeku, na shemeji akaingia naye. Wateja wengine waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kwenye ua wakabaki dada wawili na ile chupa mezani.

Mdogo wake akainusa, akaisogeza upesi. Akamtazama dada yake, si kwa hasira, kwa kutoelewa tu.

"Dada, hii inanuka mpaka kichwa kinauma. Ilikupitaje?" Akamnyooshea. "Hebu nusa."

Mama Pua akaipokea. Akaipeleka puani, macho yakajifumba yenyewe kwa mazoea. Angeweza kusema, ndiyo, nilipitiwa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sisikii kitu," alisema. "Mdogo wangu, sisikii. Tangu yale mafua."

"Mafua gani?"

"Yale yaliyonilaza."

Mdogo wake alihesabu kwa vidole. "Hiyo ni miezi saba."

"Saba."

"Na zile ulizokuwa unavunja?"

"Nilikuwa nabahatisha."

Mdogo wake hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa heri. Aliketi kwenye kiti cha fundi, akaziba uso kwa viganja. Kisha akainuka, akachukua kifungulio, na wote wawili wakaanza kufungua chupa zote zilizobaki jikoni. Mdogo wake alinusa moja baada ya nyingine na kumwaga. Zote zilikuwa nzuri. Povu lilitambaa kwenye saruji mpaka mlangoni, na Mama Pua akalisukuma kwa ufagio kuelekea mtaroni, akiwa anajua kwamba uani kote kunanukia bia, na yeye hapati hata chembe.

Fundi hakufa. Alilazwa siku kumi na moja, akarudi amekonda, watu wakasema Mungu mkubwa. Lakini wiki ya tatu vidole vilianza kufa ganzi, kisha nyayo. Daktari alisema sumu ile hufanya hivyo, huchelewa halafu hurudi kudai. Sindano ilimdondoka. Mkasi ulimdondoka. Binti yake akafunga kibanda chake cha kushonea.

Polisi walikuja, wakaandika, wakachukua ile chupa. Aliyetia dawa ya kunguni kwenye chupa ya bia hakujulikana. Mdogo wake hakupika tena. Sufuria kubwa ilipata mnunuzi, na shemeji akatafuta kazi ya ulinzi wa geti, na mgongo wake ule ule. Hakuna aliyemwambia Mama Pua aondoke, na hilo ndilo lililomkaa rohoni zaidi.

Alipiga moyo konde, akaenda kwa fundi. Binti alifungua mlango, akasimama kizingitini, lakini sauti ya baba yake ikatoka ndani: "Mwache apite."

Alikuwa kitandani, mikono juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine. Mama Pua hakukaa. Alimweleza yote amesimama: mafua, zahanati, chupa nzima alizovunja.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba ile ina watu wangapi wenye pua?" aliuliza taratibu.

"Wawili. Mdogo wangu na mumewe."

"Na mimi kila Jumamosi. Watatu." Akavuta pumzi. "Ungesema tu, dada. Tungekunusia sisi."

Hakumwita mchumba. Alimwita dada, kwa heshima, kama mtu unayekutana naye kwenye foleni. Mama Pua alisema, "Nisamehe," naye akasema, "Nimesikia," akageuza uso ukutani.

Kabla mwaka haujaisha, fundi na binti yake walihama kwa ndugu zao wa mbali. Mama Pua aliwaona kutoka dirishani wakipakia cherehani juu ya gari, imefungwa shuka. Alitaka kutoka kusaidia, akafika mlangoni, akarudi.

Sasa hafichi tena. Humwambia kila mtu, hata asiyeuliza, mwenye duka, wageni, watoto wa jirani: mimi sinusi. Juzi alikwenda sokoni kununua samaki.

"Wa leo leo hawa, mama," muuza samaki alimwambia. "Nusa mwenyewe."

"Mimi sinusi, mwanangu. Ninusie wewe, uniambie kweli."

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa wazee, akamfungia.

Nyumbani mdogo wake alifungua karatasi, akainamisha kichwa kidogo juu ya samaki, kisha akamfunga tena na kwenda kumtupa. Aliporudi aliosha mikono, akabandika maharage. Mama Pua akachukua ungo na kuanza kuchambua mchele.