Mungu Amekwisha Leta Gari

Nakumbuka siku moja tuliyopeleka sanduku la harusi Malindi, mwanangu, na wallahi sikuwa na nia ya kuikumbuka leo. Wewe ndiwe uliyenikumbusha. Umekaa kwenye mkeka wangu, wali na samaki wa kupaka mbele yako, ukatafuna, ukasema kama mtu anayesimulia habari za mvua: "Pale Dabaso kulikuwa na mama apunga leso, amepakata mtoto aliyelegea. Nikapita, nilikuwa nawahi Ijumaa. Mungu atamletea mwingine."

Mungu atamletea mwingine! Ala! Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, na yalimtoa mtu roho. Sikudhani nitayasikia tena ndani ya nyumba yangu, kutoka kinywa nilichokilisha mimi.

Nilikuinua kabla hujanawa mkono, ukarudi Dabaso. Umerudi sasa hivi waniambia hukumkuta. Wenye vibanda wamekwambia alikaa juani, gari likija anapunga, gari likipita anakaa, mpaka akamfunga mtoto mgongoni akashika njia kwa miguu. Hakuna ajuaye amekwenda wapi. Basi keti. Ufunguo wa gari lako nimeufunga hapa kwenye pindo la leso yangu, usiutafute. Nina hasira na sizifichi, na ndugu zako wakitaka kusikia nao waje wakae.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Mnarani, na daraja la Kilifi lilikuwa bado jipya. Mjomba wako Abdalla alikuwa aoe Malindi, mtaa wa Shela, kwa watu wenye heshima zao. Wajua desturi yetu: upande wa bwana harusi hupeleka sanduku la bibi harusi, nguo, manukato, viatu, na wanawake hulisindikiza kwa nyimbo na vigelegele. Likifika hufunguliwa mbele ya wakwe, kila kitu kikainuliwa juu kikaonekana. Juu ya nguo zote tuliweka kisutu, leso ya bibi harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kimefukizwa udi siku nzima.

Tulikodi pikapu ya Charo, mtu wa Ganze, mpole, asiye na maneno. Mbele kando yake alikaa Mama Mkubwa Zena, dada yake mama yangu, ndiye mkubwa wa msafara. Sisi wengine tulikuwa nyuma chini ya turubai, tumezungukwa na sinia za halwa na vileja. Shangazi Rukia, dada yake baba yangu, alikaa pembeni kabisa. Alikuwa mwembamba kama ufito, na maneno yake machache, lakini akikupa moja huenda nalo kaburini.

Ufunguo wa sanduku nilivishwa mimi shingoni kwa uzi. Mama Mkubwa Zena alinishika kidevu akaniambia, "Huu usitoke hapo mpaka uuweke mkononi mwa mama yake bibi harusi. Sanduku likifunguliwa njiani ni nuksi, ndoa haikai." Kisha akatuombea dua. "Ewe Mola, tuongoze njia yetu." Tukaitikia amina kwa sauti mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Iweke dua hiyo moyoni, nitairudia.

Tulipopita Gede tukakuta lori la chumvi limelala ubavu, limeziba barabara yote. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa kando ameshika tama. Magari yamepanga foleni, hakuna linalokwenda mbele. Mama Mkubwa Zena akaanza kulalamika: wakwe watatusema, jua linakwenda, tumemkosea nini Mungu leo? Charo akasema yuajua njia ya vumbi ya mashambani, itatuzungusha lakini itatufikisha. Tukaingia humo. Vumbi likatupiga, tukawa tunafunika sinia kwa buibui zetu huku tunacheka.

Mara pikapu ikasimama kwa kishindo, sinia moja ikaniangukia miguuni. Mwanamume alikuwa katikati ya njia, kifua wazi, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe. Nyuma yake, chini ya mkorosho, mwanamke amelazwa kwenye mkeka. Hata kutoka pale garini tuliiona damu.

"Mama zangu," akasema, "mke wangu ana uchungu tangu jana, sasa amezidiwa. Nipeni pa kumlaza tu. Mimi nitakimbia nyuma."

Charo alikwisha fungua mlango wake, mguu mmoja uko chini. Mama Mkubwa Zena akamvuta shati. "Rudi ndani! Damu kwenye gari la harusi? Nuksi hiyo! Mpe pole, mwambie Mungu atamletea gari jingine."

Na huku nyuma, badala ya mtu kumkemea, kila mmoja akatoa lake. Huyu anasema tutachelewa. Yule anasema nguo zitachafuka. Mwingine, Mungu amsamehe, akasema hawa Wanyika wana wakunga wao huko huko. Charo akayasikia hayo kwa masikio yake, naye Mgiriama, wa hao hao tuwaitao Wanyika, Charo tuliyemkodi, tuliyekula naye asubuhi, akatazama usukani. Mimi nilinyamaza, na kimya changu hakina udhuru.

Tukabishana, mwanangu! Mwanamke anatokwa na roho chini ya mkorosho, na sisi watu wa dua na udi tunabishana kama wanunuzi sokoni. Yule bwana akapiga magoti kwenye vumbi. Tukaendelea kubishana. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku hiyo tumbo lililoumia halikuwa letu.

Katika makelele yale hatukuona kwamba Shangazi Rukia amekwisha shuka. Alikwenda mpaka chini ya mkorosho, akainama, akamshika yule mama usoni, akarudi. Aliporudi sikumjua. Macho yamemwiva. Akasimama dirishani kwa Mama Mkubwa Zena.

"Zena! Gari jingine lipi? Njia hii haipiti hata mkokoteni. Gari Mungu amekwisha leta. Ndilo hili. Wewe umelikalia!"

Hakungoja jibu. Akaja nyuma akaninyooshea mkono. "Ufunguo."

Mama Mkubwa Zena akageuka kitini, akapiga kelele, "Ukimpa, ndoa ya kaka yako umeivunja wewe!" Nilishindwa kufungua fundo, nikaukata uzi kwa meno. Shangazi akaliteremsha sanduku vumbini, akalifungua, harufu ya udi ikajaa njia nzima. Akachukua kisutu, akachukua na leso nyingine zilizokuwa chini yake, akaenda kumfunga yule mama. Charo na yule bwana wakambeba. Tukamlaza katikati yetu, kichwa chake mapajani mwa Shangazi, na hakuna aliyekumbuka halwa tena. Njia nzima alikuwa amelishika pindo la buibui yangu. Hakulia. Alikuwa akiniangalia tu.

Tukafika hospitali Malindi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Muuguzi alitoka anapangusa mikono, msichana kijana, hajui lolote la safari yetu. Akasema, "Mngewahi kidogo tu." Akaenda zake. Yeye aliona amesema neno la kawaida, lakini sisi tulijua ule muda kidogo ulikwenda wapi. Tuliutumia kuhesabiana nuksi.

Na baba wa mtoto, mwanangu, wajua alifanya nini? Alitushukuru. Alitoka nje kifua wazi vilevile, vumbi la magotini halijamtoka, akatupa mkono mmoja mmoja. Akampa na Mama Mkubwa Zena. "Mungu awalipe, mama zangu. Bila ninyi ningewapoteza wote wawili." Angetutukana ingekuwa nafuu. Ile shukrani mpaka leo inanichoma nikiikumbuka, na hapa nilipo nataka kulia kwa hasira.

Tukafika Shela jua limeshuka. Wakwe wamevimba, chakula kimepoa, waimbaji wamekaa kimya. Sanduku lina vumbi, na kufuli lake limefunguliwa, kila mtu aona. Mama Mkubwa Zena akajikohoza, akaanza kwa sauti tamu, "Mtuwie radhi, njiani kulikuwa na lori la chumvi..."

"Nyamaza, Zena." Shangazi Rukia alikuwa amesimama mlangoni, buibui yake imekauka damu. Akayasema yote, mbele ya wakwe, mbele ya wageni, hakuficha neno. Kisha akatugeukia sisi wa msafara. "Asubuhi mliomba Mungu awaongoze njia. Akawaongoza! Mmezuiwa barabara kuu, mmepitishwa vumbini, mmewekwa mbele ya yule mwanamke mpaka gari likakaribia kumkanyaga mumewe. Mlitaka awaongoze vipi tena? Awashike masikio? Mnaomba njia, mkionyeshwa mwasema hii siyo, ina damu!"

Mama yake bibi harusi, mwanamke mzito wa mwili na wa heshima, alilisogelea sanduku akalitazama. Nikadhani sasa tunafukuzwa. Akasema, "Kisutu kinauzwa. Kesho nitamtuma mtu dukani, binti yangu atapata kingine. Na yule mtoto, je, mtamnunulia mwingine duka gani?"

Basi. Hakuuliza zaidi, na harusi ikafungwa. Mjomba wako na mkewe hawa hapa mpaka leo, wana wajukuu, wanagombana kuhusu chumvi ya mchuzi na kupatana kabla mchuzi haujapoa. Nuksi waliyoihofia haikufika hata kizingitini. Shangazi Rukia alikwisha tangulia mbele ya haki, na kila nikimwombea rehema namsikia akilini mwangu akifoka vilevile.

Sasa nakuja kwako, bwana mcha Mungu.

Usinitolee hoja ya swala ya Ijumaa. Swala ni faradhi, sibishi, mimi ndiye niliyekufunza kutawadha. Lakini nenda kamuulize sheikh yeyote umtakaye, umwambie: nilimwona mama na mtoto mgonjwa barabarani, gari langu tupu, nikawapita nipate kusimama safu ya mbele. Muulize kisha uje uniambie amekujibu nini. Utarudi umeinamisha kichwa.

Wiki mbili nzima umekuwa ukiniambia, "Mama niombee, sijui niende Mombasa nikafanye kazi au nibaki hapa, nataka Mungu anionyeshe." Unaamka alfajiri unaomba, unalala ukingoja ndoto. Mwanangu, Mungu hana haja ya kukuandikia mawinguni! Leo mchana amekuonyesha njia, pale Dabaso, kwa leso iliyokuwa ikipungwa. Hakukwambia habari za Mombasa, maana hukumuuliza yule mama hata jina. Pengine kupitia kwake ungejibiwa, pengine usingejibiwa. Lakini uliomba uonyeshwe la kufanya, ukaonyeshwa la kufanya, ukaongeza mwendo. Sasa ukiomba tena kesho alfajiri, utaomba kwa uso gani?

Shika haya, na ndugu zako washike. Mtu mwenye shida akisimama mbele yako, usitazame nyuma kuona nani anakuja kumsaidia. Ukimwona wewe, basi umeletewa wewe. Usimuulize kabila lake wala dini yake wala ametoka mtaa gani. Muulize anaumwa wapi. Na usingoje moyo wako uwe radhi, moyo ni mvivu. Shuka kwanza, moyo utakufuata. Ukichelewa kwa sababu ya kusaidia, watu watakusema siku moja. Ukiwahi kwa sababu ya kupita, utajisema mwenyewe mpaka uzeeni. Na neno lile, "Mungu atamletea mwingine," likikujia mdomoni liteme. Hilo si neno la imani. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Hasira zangu hazijaisha, na usinitazame hivyo, sitakupiga, umekuwa mkubwa. Ufunguo wako huu hapa, nimeufungua pindoni. Kesho mapema tutakwenda Dabaso mimi na wewe, nami nitakaa kiti cha mbele. Tutauliza kibanda kwa kibanda na nyumba kwa nyumba, mpaka Gede, mpaka Msabaha ikibidi. Yule mama tukimkuta na mwanawe mzima, utamwomba radhi kwa kinywa chako na utamfikisha anakokwenda. Na tukimkuta na msiba, utakaa naye chini matanga yote, nami nitakaa kando yako. Mungu si Athumani, huenda akatupa tumkute.

Sogea nikushike kichwa. Mungu akujaalie macho ya kuona aliyewekwa njiani kwako, akujaalie miguu myepesi ya kushuka, na mikono isiyoogopa damu. Akukinge wewe na wanao na siku ya kupunga leso mkapitwa. Itikia amina, kisha nenda katie gari mafuta.