Kapteni wa Harusi ya Jirani

Msinicheke sana, ingawa mimi mwenyewe bado najicheka. Ninakodisha spika za harusi hapa Kilwa Masoko, na chumbani nimejijengea chumba cha rubani cha kuchezea mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Kati ya fimbo ya kuongozea ndege na usukani nilichagua usukani, na pedali nikazigongomea kwenye ubao. Kilichobaki kunisumbua ni maiki ya kutangazia abiria, maana ile ya hedifoni ilinifanya nisikike kama nzi ndani ya chupa.

Jumamosi jirani yangu Bi Mwanaidi alikuwa anamwoza binti yake, nami nikamfungia spika. Maiki zisizo na waya zilikuwa mbili, nikamwachia moja, nyingine nikaenda nayo chumbani kuijaribu. Injini ziliponguruma masikioni nikatangaza kwa sauti nzito: "Abiria wapendwa, kaeni, fungeni mikanda. Tunatua Kilwa." Nikanogewa, nikarudia. Fundi mzima nilisahau kwamba maiki zote mbili husikika kwenye spika zilezile.

Nikaguswa bega, nikavua hedifoni. Alikuwa Bi Mwanaidi, umri wa mama yangu.

"Wageni wote wamekaa, kapteni. Wanangoja ruhusa yako wapakuliwe pilau," alisema, kisha akainama kwa adabu. "Shikamoo."

Nami, usukani ungali mkononi, nikaitikia marahaba.