Saa Juu ya Mkono wa Sweta

Mwanangu Hulda ni fundi cherehani pale Makambako. Ana miaka arobaini na miwili. Chumba chake cha kushonea hakiko mbali na stendi, na sare za kwaya za sharika tatu zimetoka kwenye mashine yake. Hapendi kukaa bure. Ukimkuta amekaa bure, jua anaumwa.

Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika mama yake, Juliana, nyumbani Kifanya. Ulikuwa moyo. Mwaka mzima alikuwa ananiambia, "Nimechoka tu," nami nikamwamini. Siku tisa za mwisho alilala wodini. Muuguzi mmoja alinionyesha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake na kuhesabu mapigo kwa saa ya ukutani. Nilihesabu mpaka hapakuwa na cha kuhesabu.

Baada ya msiba Hulda akanichukua kwake. Mwezi wa nne naye akaanguka kwenye mashine, uzi mkononi. Tukaenda Njombe. Daktari alimpima, akasema ni moyo, ugonjwa ule ule wa mama yake, ila huu umewahiwa. Akampa vidonge. Akasema na mazoezi yanatakiwa, na kwa vile magoti yameharibiwa na kukanyaga cherehani, afadhali aogelee. Polepole. Mapigo yasizidi mia na thelathini kwa dakika. Yakizidi, asimame.

Hulda hakuvipenda vile vidonge. Vilimtetemesha vidole. Uzi haupiti kwenye tundu la sindano, anamwita jirani amtungie. Kwa fundi hiyo ni aibu. Akamwuliza daktari ataviacha lini.

"Niletee namba za mapigo za wiki tano," daktari akasema. "Zikiwa chini, tutapunguza."

Elius, mdogo wake aliyeko Dar es Salaam, akamtumia saa. Siyo saa ya majira tu. Inahesabu umeogelea raundi ngapi na moyo unapiga mara ngapi, na moyo ukizidi kiwango inatetemeka mkononi. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Elius akasema kwenye simu, "Dada, wewe vaa tu. Itahesabu yenyewe."

Bwawa liko kwenye nyumba ya wageni, upande wa barabara ya Njombe. Maji ni ya kisima kirefu. Mwezi wa sita hata jua la saa tano haliyapashi. Hulda alijishonea vazi la kuogelea la kitambaa kizito kinachovutika, mikono mirefu mpaka kwenye kifundo, na lastiki ya kubana. Baridi ni kali, na mwanakwaya hawezi kukaa wazi mbele za watu. Siku ya kwanza alisimama na saa mkononi, hajui aivae wapi.

Nikamwambia, "Ivae juu ya nguo, mwanangu. Utaiona vizuri."

Kwetu ndivyo tunavyovaa. Sijawahi kuvaa saa chini ya sweta. Ukitaka kujua saa ngapi huwezi kuanza kukunja nguo mbili kwenye baridi. Akaivaa juu ya mkono wa vazi.

Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki na maharage ishirini mfuko wa kulia. Raundi moja, harage moja linahamia mfuko wa kushoto. Hivyo ndivyo nilivyohesabu magunia ya viazi maisha yangu yote. Basil, mtunza bwawa, alinicheka.

"Mzee Lameki, saa inahesabu. Maharage ya nini?"

"Maharage hayaishiwi chaji."

"Na yakichemka?"

"Tutakula. Wewe saa yako utaila?"

Maharage na saa havikupishana hata siku moja. Saa ikisema kumi na mbili, mfuko wangu una kumi na mbili. Ndiyo maana niliiamini. Na moyo, saa ilisema tisini na nne, tisini na sita, tisini na saba. Hulda aliandika kwenye daftari lake la vipimo vya nguo. Wiki tano haikutetemeka hata mara moja.

Ijumaa ya mwisho alitaka kumaliza raundi ishirini. Jumatatu ilikuwa siku ya daktari.

Raundi kumi za kwanza alikwenda vizuri. Ya kumi na mbili akaanza kunyanyua kichwa sana. Ya kumi na nne akashika ukuta miguuni pangu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikasema ni baridi. Kisha nikaona mshipa wa shingo. Ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka tena mara mbili.

Akanyanyua mkono anionyeshe saa.

"Tisini na sita, Baba."

Nilizitazama zile namba. Halafu nikamtazama yeye. Mtu aliyepanda kilima na mtu aliyelala hawawezi kuwa na moyo mmoja, na saa hii ilisema tisini na sita jana, na juzi, na wiki iliyopita.

"Toka," nikasema.

"Zimebaki sita tu."

"Hulda, toka majini."

"Nikitoka sasa, Jumatatu nitamwonyesha nini daktari? Nimechoka tu, Baba."

Akajisukuma ukutani, akaenda.

Nimechoka tu. Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikamwita, hakusikia, masikio yalikuwa majini. Akagusa ukuta wa mbali, akageuka. Mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki tena vizuri, unaburuta maji.

"Basil! Mtoe!"

Basil akatazama. "Mbona anaogelea vizuri, Mzee. Saa yake ingetetemeka."

Alifika upande wangu, akagusa ukuta, akageuka bila kunitazama. Kumi na tano. Nikaona nikimwita tena nitakuwa naita tu. Mimi sijui kuogelea. Kwetu mto ni wa kuvuka, siyo wa kuchezea. Nilishuka ngazi za upande wa kina kifupi na viatu vyangu, na sweta, na kofia.

"Mzee! Mzee, utakufa!" Basil alikuwa anakimbia.

Maji yalinifika kifuani. Pumzi ilikatika. Nilishika ukingo, nikasogea mpaka katikati ya njia yake, nikaachia mkono, nikasimama. Nilimwona akija. Uso ndani, nje, ndani. Akanigonga kwa kichwa. Nusura tuanguke wote.

"Baba! Umeniharibia raundi!"

Nilimshika mkono wa kushoto, nikavuta lastiki nyuma, saa na mkono wa nguo vikapanda juu. Nikaweka vidole viwili.

"Basil, dakika moja. Tazama simu yako. Sema anza."

"Mzee, tokeni kwanza kwenye maji."

"Sema anza!"

"Anza."

Maharage yalikuwa mfukoni, chini ya maji. Nilihesabu kwa mdomo. Mapigo yalikuwa yanakimbia na kujikwaa. Hulda alitaka kuvuta mkono, nikaubana. Nilifika tisini na sita.

"Bado?"

"Bado sana. Sekunde ishirini na tano."

Hulda aliacha kuvuta. Alinitazama. Niliendelea. Basil aliposema basi, nilikuwa mia na sitini na tatu.

Hulda alifungua saa mwenyewe, akaifunga kwenye ngozi tupu. Kwanza zilikuja alama za mistari. Tulisubiri. Kisha ikaanza kutetemeka, na haikuacha. Mia na hamsini na nane.

"Wiki tano," Hulda akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Baba, wiki tano nilikuwa naandika nini?"

"Mimi ndiye niliyekwambia uivae juu ya nguo."

Basil alituvuta mmoja mmoja, akatufunika mablanketi ya wageni, akakimbia barabarani kutafuta gari. Hatukungoja Jumatatu. Njia nzima mpaka Njombe vidole vyangu vilikuwa kwenye mkono wake. Alilala begani mwangu, nami kila alipofumba macho nilihesabu upya. Kuna mahali yalikaa kimya kidogo. Mapigo mawili hayakuja. Nilimwita kwa jina la mama yake. Kisha yakarudi.

Walimlaza siku nne. Daktari alichukua lile daftari, akasema saa ile husoma mapigo kwenye ngozi, siyo kwenye kitambaa, akapiga mstari kwenye kurasa zote za mapigo. Vidonge hakupunguza, alibadilisha. Nikamwuliza, angemaliza zile ishirini ingekuwaje? Alinitazama, akatazama sweta langu ambalo lilikuwa bado bichi, akaendelea kuandika.

Sasa ni mwezi wa kumi. Daktari alimruhusu kurudi majini wiki mbili zilizopita, raundi sita, si zaidi. Vidonge vipya havitetemeshi vidole, anatunga uzi mwenyewe. Mkono wa kushoto wa lile vazi aliukata kwenye kiwiko kwa mkasi wake, akaukunja pindo vizuri. Kipande kilichobaki akakishona kikawa kifuko cha maharage yangu. Yamo sita.

Akishika ukuta hatazami saa kwanza. Ananyoosha mkono juu, nami nainama. Basil anashika simu.

"Anza," anasema.

Jana nilipata mia na kumi na nane. Saa ilisema mia na kumi na tisa.

"Saa imekushinda, Mzee," Basil akasema.

"Rudia," nikamwambia. "Anza tena."

Hulda aliuacha mkono wake vidoleni mwangu.