Mshahara wa Mbeya na Kodi ya Miezi Sita

Nilianza kazi Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, hapa Kihesa, Iringa, kwenye ofisi inayotengeneza programu za kompyuta za vyama vya kuweka na kukopa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Aliyeniombea nafasi ya msaidizi wa ofisi, ya muda tu, ni Dada Tumaini, binti wa mama mkubwa. Yeye ndiye anayeandika hizo programu, na tulikuwa tunaishi chumba kimoja.

Enzi zangu (miezi mitatu, lakini kwangu ni enzi) msaidizi wa ofisi ndiye aliyepokea simu. Mimi simu naziogopa. Ikilia naiacha iite mara tatu kwanza, ndiyo napokea.

Wiki yangu ya mwisho Meneja akasema anafungua tawi Mbeya na anamtaka Dada. Akaniagiza nilinganishe maisha ya miji miwili. Nikawapigia madalali wa vyumba, nikawapigia na mama ntilie. Chumba Mbeya ni ghali kidogo, ila mchele unatoka Chimala, jirani tu, na viazi ni vya kumwaga. Mshahara wa kule ulizidi kwa laki mbili. Mbeya ikashinda.

Dada akakataa. "Meneja, kule baridi. Kifua changu hakiwezi."

"Kwani hapa Iringa tunavaa kaptula?" Meneja akamtania.

Sababu niliijua. Dalali alituambia mwenye nyumba wa Mbeya anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akiba ya Dada ilikuwa imeishia kwenye ada yangu. Sitadanganya, niliwaza ninyamaze ili asiondoke.

"Si baridi," nikasema, macho mezani. "Ni kodi ya miezi sita."

Dada akanikanyaga.

"Sasa mbona husemi, Tumaini?" Meneja akauliza. "Mimi nilipohamia hapa nililala ofisini, juu ya maboksi. Ofisi itamlipa huyo mwenye nyumba, tutakukata kidogo kidogo."

"Nyumbani utanitambua," Dada akaninong'oneza, huku anacheka.

Ijumaa hiyo muda wangu wa kazi uliisha, nikastaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Wadogo zangu wakiniuliza mji upi unalipa, nitawaambia waulize mshahara, halafu waulize mwezi wa kwanza wataupitaje.

Kesho yake asubuhi nilimfungia Dada godoro kwa kamba, nikamsindikiza stendi. Basi lilipoondoka nilirudi chumbani, ambako kodi bado ina miezi miwili, nikasogeza godoro langu dirishani, alipokuwa analala yeye.