Uzi wa Fundi Timazi

Fundi aliyejenga msikiti wetu tulimwita Timazi. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kupimia kama ukuta umesimama. Yake ilikaa mfukoni hata siku za harusi. Ukimkaribisha kwako, hajaketi bado, keshaipima nyumba kwa jicho.

"Nani kakujengea hii? Adui yako?"

Unacheka. Utafanyaje.

Msikitini alionekana Ijumaa tu, nyuma kabisa, kwenye kiti. Kiti chenyewe kakigeuza upande kidogo. Tukadhani anakwepa jua. Siku nyingine alisali chumbani kwake. Magoti, alisema. Magoti hayohayo yalipanda ngazi za ujenzi kila asubuhi bila kulalamika.

Makaburi yetu yako nyuma ya msikiti. Yamefuata ukuta wake, safu kwa safu, kama watu wanaosali. Moja tu limekaa mshazari: la mama yake Timazi. Alilichimba mwenyewe. Tulimcheka miaka mingi. Fundi mzima, kaburi la mamake limempiga chenga! Naye hujibu, "Majonzi, ndugu zangu. Mkono ulitetemeka."

Mke wangu alipofariki, Timazi alikuja mapema na uzi wake.

"Shemeji nitampimia mimi mwenyewe."

Akafunga uzi kwenye kona ya msikiti, akauvuta hadi penye udongo. "Hapa. Kibla sawasawa."

Nilimshukuru. Nilimshukuru sana.

Halafu akaja dereva wa lori. Alipata pancha mbele ya msikiti, akaingia kusali adhuhuri. Akatoa simu, akaitazama, akautazama ukuta, akaitazama tena simu.

"Wazee, hapa mnaelekea wapi?"

"Makka," akasema imamu.

"Basi mtachelewa kufika."

Kila mwenye simu akaitoa. Zote zikaonyesha kulekule, kwenye stoo ya mwenye duka, jirani wa msikiti.

"Simu zinajua nini habari ya kibla?" akafoka mwenye duka. Yake ikaanza kulia mfukoni.

Waligombana mpaka alasiri. Mimi nilitoka. Nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja, aliyelazwa kwa uzi ule.

Mlango wa Timazi ulikuwa wazi. Kitanda, makopo ya rangi, mwiko kwenye msumari. Mkeka wake wa kusalia haukufuata ukuta. Ulikatiza chumba mshazari, pembe moja chini ya kitanda, nyingine ikiziba mlango wa kabati. Hakuna mtu anayetandika hivyo kwa raha zake.

"Ulijua," nikasema.

"Karibu kwanza, mzee mwenzangu. Kaa."

"Ulijua?"

Akaivua kofia, akaivaa tena. "Kiwanja alikitoa mwenye duka. Tungeugeuza msikiti sawasawa, kona ingekula stoo yake. Akaniambia, Fundi, Mungu si mkali kiasi hicho. Ningefanyaje?"

"Ungesema."

"Nikisema, nani angenipa kazi tena?"

"Na kaburi la mama yako?"

Akautazama mkeka wake.

"Na mke wangu? Uzi uliuvuta wewe."

"Watu walikuwa wanatazama. Ningeuvuta mshazari, wangeuliza."

Wanasema mganga hajigangi. Huyu alijiganga, akamganga na mama yake, sisi akatuacha na homa zetu.

Nilikwenda kwa imamu. Akaniambia mashariki ni ya Mwenyezi Mungu na magharibi ni yake, aliyekosea bila kujua hana kosa, na marehemu asifukuliwe. Nikaitikia. Nyumbani sikulala.

Sasa msikitini wamepiga mistari ya chokaa sakafuni, tunasali mshazari. Mwenye duka yuko safu ya mbele, anatukumbusha tufuate mistari. Timazi yuko ubavuni pake. Magoti yamepona. Tena watu wanamwita awapimie makaburi mapya, maana nani anajua kibla kama yeye? Anatia timazi mfukoni, anakwenda. Aibu humpata mwenye nayo.

Juzi alinijia nyumbani.

"Mzee mwenzangu, ukitangulia wewe, nitakupimia mimi. Kibla chenyewe hasa. Nifute lile nililomkosea shemeji."

"Watoto nimekwisha kuwaambia," nikamjibu. "Nilazwe kama alivyolazwa mama yao, ubavuni kwake. Mungu akitaka kutugeuza, atugeuze pamoja."

Akaruka. "Astaghfirullah! Yeye hakujua. Wewe utakuwa umekosea na huku unajua!"

"Na wewe ndiye wa kuniambia hilo?"

Akainuka, akaaga. Uzi wake ulimchomoka mfukoni, ukamfuata ukiburuzika mpaka barabarani.

Sikumwita.