Siku Nilipompeleka Babu Las Vegas

Nakiri mapema ili mnicheke mara moja tuyamalize: nilimdanganya mwalimu wa historia kwamba babu yangu alipiga tarumbeta Las Vegas miaka ya hamsini. Babu yangu! Mzee wa Tabora, ambaye kamari pekee aliyowahi kuicheza ni kuvuka barabara za Scarborough, huku kwetu Toronto, bila kungoja taa.

Darasani tulikuwa tunasoma habari za wanamuziki weusi wa mji ule wa makasino, waliojaza watu kwenye kumbi za hoteli halafu hawaruhusiwi kulala humo, wanarudi mtaani kwao ng'ambo ya reli, na mimi kazi yangu sikuwa nimeimaliza (sikuwa nimeianza, tusidanganyane), basi nikachomoa picha ya Babu kavaa suti nyeupe, tarumbeta mkononi. Nilitaka maksi tu. Mwalimu nusura alie, akasema mzee huyu lazima aje siku ya historia, azungumze mbele ya wazazi wote.

Nikajipa moyo. Babu hajui Kiingereza, na mkalimani wake ni mimi (kwa daktari mimi, benki mimi), Mama atakuwa kazini, nani atajua? Tena babu na mjukuu ni watani, hata akigundua si atacheka?

Nilipomwambia shule inataka habari za bendi yake, alikwenda kupiga pasi suruali. Miaka yote tuliyokaa Toronto hakuna aliyewahi kumuuliza, na wenzake wote walishakufa.

Siku yenyewe akasimama jukwaani, tai imenyooka. "Tulikuwa watano. Tulipiga dansi ukumbi wa wafanyakazi wa reli, pale Tabora. Kwenye gitaa, marehemu Hamisi..." Nami nikawaambia watu kwa Kiingereza kwamba walipiga kwenye kasino kubwa kuliko zote, matajiri wakiwatupia noti. Makofi! Babu akatabasamu, akamtaja Petro, akamtaja Mrisho, akamtaja Idi, mimi niko na mataa na mahoteli.

Kisha akanigeukia.

"Mume mwenzangu, mbona Hamisi sijamsikia?"

(Jina halitafsiriwi. Hilo sikulifikiria.)

"Nimemtaja, Babu."

"Hujamtaja. Wala Petro. Nakusikiliza."

Watu wananitazama, jasho linanitiririka, ndipo mdomo wangu ukamalizia ujinga: nikawaambia Hamisi alikuwa mcheza kamari aliyepoteza suruali yake mezani. Ukumbi ukaangua kicheko. Babu alilisikia jina, akakisikia na kicheko kilicholifuata.

"Wanamcheka Hamisi?" akauliza taratibu.

Nikajifanya narekebisha kipaza sauti.

"Wee Saidi!" Sauti ya Mama, kutoka mlangoni, na sare yake ya kutunzia wazee mwilini. Kumbe aliomba ruhusa kazini aje amsikie baba yake. Akaja mpaka mbele, akaninyang'anya kipaza sauti, akawaeleza watu ukweli wote, kisha akasema, "Baba, endelea, nitatafsiri mimi."

Babu akatikisa kichwa. Akashuka ngazi za jukwaa moja moja, akatafuta koti lake.

Sifuri nilipata, na shuleni mpaka leo naitwa Kasino, hayo nastahili. Ukalimani nimeuacha, hata wa kuagiza chipsi. Nilingoja kipigo nyumbani, kipigo ningekishukuru, lakini Mama alisimama tu mlangoni kwangu akasema:

"Babu yako ameniomba nisikuguse. Anasema kosa ni lake, alidhani ameitwa asikilizwe."