Sajenti Aliyekuwa Diwani

Siku yangu ya kwanza jeshini nilinyolewa nywele, nikapewa buti zilizonizidi, nikaambiwa nikimbie. Nilitoka Ngara nikikijua Kihangaza kuliko Kiswahili. Sajenti meja, yaani msimamizi wa nidhamu kikosini, alipoamuru, "Nyuma geuka!" wenzangu waligeuka nami nikabaki natafsiri kichwani. Akanisogelea. "Wewe kuruta, unasubiri barua ya mwaliko?" Sikuchelewa tena.

Kazi yangu ilikuwa mawasiliano: kubeba redio, kutandaza nyaya, kupokea ujumbe wa mafumbo. Nilihamishwa vikosi kadhaa, nikapanda hadi usajenti. Kamanda wangu wa mwisho aliniaga akisema, "Uraiani hakuna amri, Sajenti. Utapata tabu." Nilicheka.

Nilirudi nyumbani Ngara, upande wa Murusagamba, nikalima migomba na maharage. Baadaye wazee wa parokia waliniomba nigombee udiwani. Jirani yangu Filbert alininadi kila kitongoji mpaka sauti ikamkauka, nikashinda. Diwani huisemea kata yake kwenye halmashauri, lakini mimi nilidhani nimekabidhiwa kombania ya askari. Katika kikao cha kwanza niliagiza kila kaya itoe mtu mmoja wa kutengeneza barabara. Kesho yake tulifika wawili tu, mimi na mtendaji wa kata. Ndipo nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, kukaa na kusikiliza.

Ukaja msimu wa ukame, watu wakalitamani bonde lenye unyevu lililolimwa na familia zenye asili ya Burundi. Asubuhi moja Filbert alikuja kwangu.

"Mheshimiwa, leo tunalichukua bonde. Wewe kaa nyumbani tu."

"Na akina Mama Anjelina?"

"Warudi kwao."

"Kwao wapi, Filbert? Amezaliwa hapa, amebatizwa hapa."

"Kura zao hazifiki hata za ukoo wangu. Fikiria uchaguzi."

Aliondoka. Nilifikiria uchaguzi, sikatai. Kisha nikavaa viatu.

Nilikuta maharage yameanza kung'olewa. Mama Anjelina alikuwa amekaa chini kwenye tuta lake. Ulimi uliniwasha kutoa amri, lakini nani angetii? Nikaenda nikakaa kando yake.

"Utachafuka, Mheshimiwa," akasema.

"Nimeshachafuka, mama."

Filbert alisimama mbele yetu na jembe begani, watu wamejaa nyuma yake. "Inuka, Afande."

"Siinuki. Kama mna hoja, ileteni kwenye mkutano wa kijiji, nitaisikiliza mpaka mwisho. Lakini leo mkitaka kulima hapa, mtaanza na mimi."

Filbert alinitazama mpaka machozi yakamlengalenga, sijui ni ya hasira au ya aibu. Akageuka, nao wakamfuata mmoja mmoja.

Mkutano ulifanyika. Familia zile zilibaki na mashamba yao, wanakijiji wengine wakagawiwa sehemu ya chini ya bonde. Uchaguzi uliofuata nilianguka vibaya. Filbert alimnadi mpinzani wangu kwa sauti ileile.

Vijana wanaopenda siasa huniuliza kama najutia kiti. Nawaambia kiti sikijutii, najutia rafiki. Jeshini nilitii bila kupoteza mtu. Kwenye udiwani niliamua mwenyewe, na uamuzi wangu ukanigharimu jirani.

Kanisani tunakaa benchi moja. Padri anapotualika tutakiane amani, Filbert hunipa mkono akitazama pembeni. Mimi huupokea kwa mikono miwili.